Matairi ya theluji kwenye Hiace ya ndizi: uchambuzi wa kisa kimoja, Moshi

Kisa hiki kilipita gerejini kwetu kati ya Novemba 2023 na Septemba 2024. Mwenye gari ameridhia kisimuliwe. Jina lake, namba ya gari na mahali matairi yaliponunuliwa nimeviacha, na mambo mawili matatu ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Nakiandika kwa ajili ya wenye magari ya biashara wanaonunua matairi ya mtumba, na pia kwa mafundi wenzangu, kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu sisi.

## Gari, njia na mzigo

Gari ni Toyota Hiace ya mizigo, ya mwaka 2005, ya dizeli. Lilishapita mikononi mwa watu wawili kabla ya kufika kwa mama huyu, ambaye nitamwita Mama N. Yeye hununua ndizi Uru na Kibosho, mshare kwa wingi na ndizi ng'ombe kidogo, akazipeleka kuuza soko la Kilombero, Arusha. Dereva ni mtoto wa mdogo wake, kwa hiyo humwita mama mkubwa. Nalitaja hilo kwa sababu litakuwa na maana huko mbele: kijana hakuwa mtu wa kumpinga mama yake mkubwa mbele ya muuzaji.

Gari lilikuwa linakwenda safari nne kwa wiki. Ukihesabu kupanda vijijini kukusanya mikungu, kushuka mjini, kilomita 80 hadi Arusha na kurudi, kila safari ni karibu kilomita 200. Mzigo ni tani moja, na karibu na sikukuu huzidi.

Njia hii ina tabia mbili. Kipande cha juu ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, na Hiace yenye matairi mabovu hukaa pale hadi vijana wa migombani waje kusukuma. Kipande cha chini ni lami tupu, na ukishapita Boma Ng'ombe unaingia tambarare ya KIA, penye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako mwezi wa pili saa nane mchana huwezi kusimama juu ya lami bila viatu. Kati ya kilomita 200 za kila safari, kama 160 ni za lami. Kila mtu aliyeamua jambo katika kisa hiki alikuwa akifikiria zile 40 za tope, kwa sababu ndizo zinazoumiza kichwa.

Mwanzoni mwa Novemba matairi mawili ya nyuma yalikuwa vipara kabisa. Ya mbele yalikuwa yamelika lakini mifereji bado ilionekana. Dereva anakadiria yalibaki na milimita tatu. Mvua za vuli zilishaanza. Trafiki akasimamisha gari, akaandika faini ya shilingi 30,000 na kumwambia dereva asimuone tena na matairi yale. Mama N. akachukua mkopo wa laki nne kwenye kikundi chake cha VICOBA, wakaenda kununua.

## Siku ya kununua

Muuzaji aliwawekea chaguo tatu, yote ya kipimo cha gari, 195/80R15.

La kwanza lilikuwa matairi mapya ya Kichina ya magari ya mizigo, 240,000 kila moja. La pili, mtumba wa kawaida wa magari ya mizigo, kashata (yale meno ya uso wa tairi) zimebaki kama nusu, 110,000. La tatu lilikuwa mtumba wenye kashata nene, karibu kama jipya, 90,000. Haya ya tatu yalitoka kwenye magari yaliyoteremka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani yakiwa bado yamevaa matairi ya msimu wa baridi wa huko. Wenye magari walibadilisha, yakauzwa, yakapanda hadi huku.

Mama N. amenionyesha kwa mikono yake jinsi muuzaji alivyofanya. Alitoa njiti ya kiberiti, akaisimamisha ndani ya mfereji wa tairi la pili: ikazama kichwa na kipande kidogo tu. Akaitoa, akaisimamisha kwenye lile la tatu: ikazama mara mbili ya hapo. Kisha akamshika mama kidole gumba akakibonyeza kwenye mpira. Uliingia kidogo, kama ndala mpya.

"Mama yangu," akamwambia, "hili la 110 litakufikisha Pasaka. Hili la 90 utalisahau. Mpira laini ndio unaoshika. Na ona hapa pameandikwa M+S, maana yake ni tairi la tope. Wewe si unapanda Uru?"

Dereva anasema aliona kwamba uso wa tairi lile ni wa ajabu. Kila kipande cha kashata kilikuwa kimechanjwa chanjo nyembamba nyingi, kama zilizopitishwa kwa wembe. Akanyamaza. Mama yake mkubwa alishaanza kuhesabu pesa.

Hesabu ya Mama N. ilikuwa hivi. Mapya manne ni 960,000, hayagusiki. Mtumba wa kawaida manne ni 440,000, amepungukiwa 40,000. Ya kashata nene ni 360,000, na 20,000 ya kufunga, inabaki 20,000 ya mafuta. Bei chini, kashata juu, na neno "tope" limeandikwa ubavuni. Mimi sioni ujinga katika uamuzi ule. Kwa vitu vitatu alivyoonyeshwa, angekuwa mtu mwingine yeyote angechagua vilevile. Matairi ya zamani yote manne, pamoja na yale mawili ya mbele, yalibaki kwa muuzaji. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, haikupigwa. Upepo ulijazwa 35 kwa geji ya PSI kila tairi.

## Mwezi wa kwanza

Yalifanya kazi vizuri, na sharti lisemwe, maana ndicho kilichowachelewesha wote kuona tatizo. Gari lilipanda Uru kwenye tope lililowashinda wenzake wawili. Lilikuwa kimya barabarani. Mama N. alimsifia muuzaji kwa jirani zake, na jirani mmoja akaenda kununua mawili.

Wiki ya tatu dereva akaanza kusema gari "linaogelea". Likiwa na mzigo, kwenye spidi ya 80, ukikata usukani kidogo nyuma hukawia kufuata, halafu hufuata kwa kuzidisha. Alidhani ni shokamzoba. Wiki ya tano akasimama Boma Ng'ombe kununua maji, akasikia harufu ya mpira. Aligusa tairi la nyuma kulia, akaondoa mkono haraka. La kushoto lilikuwa la moto pia, lakini mkono uliweza kukaa.

## Desemba: gari linakuja gerejini

Tairi moja la nyuma likiwa na joto kuliko jenzake, fundi yeyote atafikiria breki inayokaba. Tulifungua drumu, tukakuta silinda ya gurudumu imeanza kuvuja kidogo, tukabadilisha, tukarekebisha breki, tukamkabidhi gari. Tulikuwa na jibu mkononi na lilikuwa jibu la kweli, kwa hiyo hatukuendelea kutafuta.

Tairi lenyewe tulilitoa, tukalilaza chini, tukalirudisha. Nililibeba mwenyewe. Niliona kashata nene nikafurahi kwa niaba ya mama. Ubavu wake sikuusoma.

## Kikafu

Siku tatu kabla ya Krismasi gari lilitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri na mzigo uliozidi tani. Mvua ndogo ilikuwa imepita. Anayeijua njia hii anaujua mteremko wa kushukia daraja la Kikafu: kona, malori yanayojikongoja, na hakuna pa kukwepea. Dereva alikuwa nyuma ya lori kwa umbali ambao, kwa maneno yake, "kila siku unatosha". Lori likapunguza. Akakanyaga breki, breki zikashika, magurudumu yakashika, lakini gari likaendelea kwenda. Akaelekeza kushoto, wakaishia kwenye ukingo.

Hakuna aliyeumia. Bampa na taa moja viliharibika, matengenezo 140,000. Mikungu iliyopondeka na iliyoachwa pale Mama N. aliihesabu kuwa hasara ya 180,000. Wote waliamini barabara ilikuwa na mafuta yaliyomwagika. Huenda. Nasi gerejini tulinyoosha bampa, na kwa mara ya pili hatukutazama matairi.

## Februari: kusoma ubavu wa tairi

Katikati ya Februari, baada ya kilomita zipatazo 12,000, dereva alileta gari kwa sababu tairi la nyuma kulia lilikuwa linamomonyoka. Vipande vya kashata vilikuwa vinang'oka vizima kama karanga kwenye kashata ya kuliwa. Safari hii tulipima. Nyuma kulia, chini ya milimita 2. Nyuma kushoto, 3. Mbele, 5 na 4.5. Siku ya kununua hakuna aliyepima, lakini kwa jinsi njiti ile ilivyozama, yalikuwa na 9 au 10.

Tukayavua yote manne, tukayaosha ubavu kwa brashi na sabuni, tukasoma kwa tochi. Nitaeleza tulichokiona, kwa sababu kila mnunuzi anaweza kukiona bila kifaa chochote.

Matairi matatu yalikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa, na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake ua la theluji. Hilo ni tairi la theluji na barafu. Jina lenyewe lina historia yake. Zamani Japani, kama nchi nyingi za baridi, walitumia matairi yenye misumari ya chuma ili yang'ang'anie barafu. Misumari ilikuwa inasaga barabara, na vumbi lake likawa kero hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Mahali pake likaja tairi lisilo na misumari, linaloshika barafu kwa mpira laini sana na kwa zile chanjo za wembe ambazo dereva wetu aliziona. Studless maana yake ni hiyo: lisilo na misumari.

Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa tairi la theluji hubaki laini. Ndiyo kazi yake, na huko kwao ni jambo la kuokoa maisha. Lakini mpira uliolainishwa kwa ajili ya nyuzi sifuri, juu ya lami ya KIA huwa kama ugali ambao haujaiva. Kila kipande cha kashata kinapinda na kurudi kila gurudumu linapozunguka, kinajichemsha chenyewe, kinalika. Usukani ukikatwa, kashata hupinda kwanza ndipo gari ligeuke. Huko ndiko "kuogelea". Na kwenye lami ya vuguvugu iliyolowa, vipande hivyo vyembamba hulala badala ya kusimama, na gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Siwezi kuapa kwamba Kikafu hapakuwa na mafuta. Naweza kusema kwamba gari lile lilihitaji nafasi zaidi ya aliyoizoea dereva, na hakuna aliyemwambia.

M+S lilikuwepo pia. Herufi hizo ni za tope na theluji, na muuzaji hakudanganya aliposema tope. Ila kiwanda huziandika kwa kutazama muundo wa kashata tu, na utazikuta pia kwenye matairi mengi ya mpira wa kawaida, ya pikapu na ya magari ya porini. Mama N. alichohitaji ni M+S bila ua la theluji na bila neno STUDLESS. Vitu hivyo vipo, na mara nyingi vimelala kwenye rundo lilelile.

Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matatu yalikuwa 4118, wiki ya 41 ya 2018. La nne, lile la nyuma kulia, lilikuwa 3614, na hapo ndipo tulipokaa kimya. Halikuwa la aina moja na mengine. Kipimo ni kilekile 195/80R15, ni la theluji vilevile, lakini baada ya kipimo mengine yameandikwa 107/105 na LT, alama ya tairi la gari dogo la mizigo, lenyewe limeandikwa 96 tu. Hizo ni namba za uzito: 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, 96 ni kilo 710. Lilikuwa tairi la gari dogo la familia. Kwa makadirio yetu, Hiace hii ikibeba tani moja, kila tairi la nyuma hukaliwa na kilo 750 hivi. Kijana wa watu alikuwa akishuka Kikafu juu ya tairi lililoelemewa.

Na upepo. Kibandiko cha gari kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilitaka 43 mbele na zaidi ya hapo nyuma ikiwa na mzigo. Zile kilo 975 hupatikana tairi la mizigo likijazwa upepo wake kamili. Kwa 35 halizifikii. Fundi pancha alijaza kwa mazoea ya magari madogo, na tangu Novemba kila aliyeongeza upepo alirudisha kwenye 35 hiyohiyo.

## Kilichoamuliwa

Mama N. alikuja mwenyewe. Nilimsomea ubavu wa tairi, neno kwa neno, akafuata kwa kidole. Hakulalamika. Aliuliza, "Kwa hiyo baba, barafu yenyewe iko wapi?" Nikamwonyesha mlima, ulikuwa umejifunua asubuhi ile. Theluji pekee tuliyonayo iko kule Kibo, kilele chake mita 5,895, na njia ya gari upande wa Marangu inaishia getini, kwenye mita 1,900 hivi.

Tulifunga mawili mapya ya mizigo nyuma, 480,000, na mtumba wa kawaida wa LT mawili mbele, ya 2019, 230,000. Alaimenti 30,000. Upepo kwa kibandiko. Pesa taslimu hakuwa nazo zote; gereji ilimdhamini dukani akalipa kwa awamu mbili. Tuliona ni haki, kwa kuwa tairi lile lilipita mikononi mwetu Desemba.

Kulikuwa na mabishano juu ya mapya yakae wapi. Dereva alitaka mbele, kwenye usukani. Tulikataa. Nyuma ndiko kwenye mzigo, na gari likikosa mshiko mbele kwenye lami iliyolowa dereva husikia mapema kwenye usukani na kupunguza. Likikosa mshiko nyuma, hugeuka kabla hajajua. Mazuri huenda nyuma, hata kwa gari lisilo na mzigo.

## Hesabu kwa kilomita

Matairi ya theluji: 360,000 kwa kilomita 12,000, sawa na shilingi 30 kwa kilomita. Mtumba wa kawaida, 440,000, tukikadiria kilomita 20,000 kwa kashata zilizobaki, ni shilingi 22. Mapya, 960,000 kwa kilomita 40,000 ambazo tairi la aina hii likitunzwa hufika, ni 24. Ukiongeza hasara ya Kikafu kwenye yale ya kwanza, 680,000 kwa kilomita 12,000, unapata karibu 57.

Hesabu hii ni ya kweli, lakini haimsaidii mtu mwenye laki nne mfukoni. Huwezi kulipa duka kwa shilingi kwa kilomita. Ndiyo maana nimeirudia siku ile ya Novemba mara nyingi, nikijiuliza angefanya nini kwa pesa ileile.

## Uchambuzi

Jibu lilikuwa chini ya gari lake. Matairi ya mbele yalikuwa na milimita tatu, na alama za mwisho wa kashata huwa kwenye 1.6. Hayakuwa mazuri, ila hayakuwa yamekufa. Angeweza kununua mawili ya mtumba wa kawaida kwa 220,000, akayafunga nyuma, akapiga alaimenti, akabaki na zaidi ya laki moja akiba ya kununua jozi ya mbele Januari au Februari. Hakuna aliyemwambia kwamba matairi hununuliwa kwa jozi pia. Trafiki alisema "matairi", muuzaji ana manne yanayofanana (alidhani), na mama anataka kulimaliza jambo mara moja. Katika makosa yote ya kisa hiki, hili ndilo lililomgharimu zaidi, na ndilo linalojirudia kwa wateja wengine kila mwezi.

La pili ni ile njiti. Kina cha kashata ni kipimo kizuri unapolinganisha matairi ya aina moja. Kati ya aina mbili tofauti hakikuambii kitu. Milimita moja ya yale ya theluji, upande wa nyuma kushoto ambako tairi lilikuwa la uzito unaostahili, ilidumu kilomita 2,000. Septemba 2024 tulipima yale mapya baada ya kilomita kama 22,000: yameshuka kutoka 9 hadi 5.5, yaani zaidi ya kilomita 6,000 kwa milimita. Sehemu ya tofauti hiyo ni upepo na alaimenti, na siwezi kuzitenganisha. Lakini yale ya mbele nayo yalipoteza milimita nne na zaidi bila kubeba mzigo mkubwa, na hilo linanielekeza kwenye mpira wenyewe.

Kidole gumba nacho kilimpotosha. "Laini hushika" ni kweli penye baridi na ni kweli kwenye tope la Uru, na gari lilithibitisha hivyo mwezi mzima. Ushahidi mzuri uliotoka kwenye kilomita 40 ulifunika kilichokuwa kikitokea kwenye 160.

Kuna wanaosema Kibosho ya juu mwezi wa saba ni baridi, tairi la theluji litafaa. Baridi ya kuvaa sweta si baridi ya barafu, na gari halilali Kibosho; mchana liko Usa River.

Sasa upande wetu. Desemba tulipata ubovu mmoja halisi tukaacha kutafuta mwingine. Tairi lenye joto kuliko jenzake lina sababu nne za haraka: breki, beringi, upepo, na tairi lenyewe. Tulikagua ya kwanza. Kama tungeweka geji ya upepo kwenye vali ya tairi, kazi ya nusu dakika, tungeona 35, tungetafuta kibandiko, na huenda macho yangeshuka hadi kwenye ile 96. Wiki moja baadaye gari lilikuwa ukingoni Kikafu. Sasa kila gari la mizigo linaloingia, hata kama limekuja kubadilisha taa, tunaandika kwenye daftari vitu vinne kwa kila tairi: kina, upepo, namba ya uzito na mwaka. Mafundi walinuna wiki ya kwanza. Mpaka Septemba tulishakuta magari mengine matano yenye ua la theluji ubavuni, na moja lilikuwa la kubebea wanafunzi.

Kuhusu dereva, nimezungumza naye kwa utulivu. Aliona chanjo za wembe akaona si za kawaida, akasikia gari likiogelea, akasikia harufu. Aliyajua yote kabla yetu. Mama N. sasa amemwambia mbele yangu kwamba kwenye mambo ya gari aseme, hata kama yeye ameshatoa pesa mkononi.

## Muuzaji

Nilikwenda kumwona, bila mama, na bila kelele. Nilimkuta akipanga rundo. Nikamwonyesha neno STUDLESS kwenye tairi alilokuwa ameshika. Akasema analijua, ni kampuni nzuri, matairi yake hayaishi kashata. Miaka yote alidhani ni jina la kiwanda.

Tulikaa kwenye rimu mbili karibu saa nzima. Hakuwa na ubishi kuhusu ile 96. Aliposoma mwenyewe alishika kichwa, maana alikuwa ameuza mengi kwa kutazama 195/80R15 peke yake. Lakini kuhusu ya theluji aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo: mzigo ameshaununua, matairi kumi na saba, akiuondoa nani atamrudishia pesa yake?

Nilirudi baada ya mwezi. Alikuwa ameyatenga upande wa ukutani na kuyaandika kwa chaki THELUJI. Bei ameshusha. Wanaonunua ni wenye mikokoteni ya punda na wenye trela ndogo za kubebea majani ya ng'ombe, vyombo vinavyokwenda mwendo wa mguu, kwenye vumbi na tope, ambako mpira haupati joto. Yalikuwa yamebaki sita.